Mkamuaji wa Congo

Walubengo hakuwahi kuwa na ng'ombe wake mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko chumba cha mabati alichopanga mtaani Kianda, Nairobi. Kwao Chwele, babake alikuwa na zizi lililojaa. Mzee alipofariki, baba zake wadogo waligawana mifugo kabla matanga hayajaanuliwa, na yeye, kifungua mimba, akaachiwa fimbo ya kuchungia. Akaja Nairobi. Akabeba mawe kwenye mjengo, akachimba vyoo, akalinda mageti. Mkewe Mourine alifulia watu nguo kule Nyayo Highrise. Mwana wao Timothy alipokua alienda Eldoret kutafuta maisha yake. Sisi majirani tulimjua Walubengo kama mtu asiyesema sana, ila mazungumzo yakigusa ng'ombe, hapo ulivuta kiti ukakaa vizuri.

Kazi ya kukamua ilimpata akiwa ndani ya shimo. Alikuwa akichimba choo katika ploti moja ya Congo, kule Kawangware, ya mjane aliyeitwa Wacera. Wengi walimwita Mama Kagiri, kwa jina la mwanawe. Ardhi ile ilikuwa ya mumewe tangu Kawangware ikiwa mashamba. Sasa ilijaa vyumba vya kupangisha, lakini nyuma ya safu ya mwisho Wacera alikuwa ameacha nafasi ya zizi, na hakuna aliyeweza kumshawishi ajenge hapo. Siku hiyo mkamuaji wake alikuwa ametoroka. Ng'ombe mmoja mweusi alilia tangu asubuhi, kiwele kimejaa hadi maziwa yanadondoka yenyewe kwenye samadi. Walubengo alivumilia, akavumilia, mwishowe akapanda kutoka shimoni, akanawa mikono hadi viwikoni, akaingia zizini bila kumwomba mtu ruhusa.

"Mulembe, mayi," alimwambia ng'ombe kwa Kibukusu. Amani, mama. Akachuchumaa, akaegemeza paji la uso ubavuni mwake, akaanza kukamua. Ng'ombe akanyamaza.

Wacera alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. "Wewe fundi wa choo, kukamua ulifunzwa wapi?"

"Hii haifunzwi, mama."

"Na hujampiga. Yule mwingine alikuwa anapiga."

Choo kilimaliziwa na mtu mwingine.

Ng'ombe walikuwa watatu. Yule mweusi aliitwa Nyakairu, na ndiye mkubwa. Malaika alikuwa bintiye. Wa tatu, Chebet, alinunuliwa kwa Wakalenjin na alikuwa na tabia ya kurusha teke, lakini kwa Walubengo teke lilikwisha. Kila alfajiri mtu huyu alitoka Kianda kwa miguu, akapitia Jamhuri, akavuka Ngong Road, akafika Congo kabla ya wapangaji kuanza kupanga foleni ya bafu. Alikata majani, akaondoa samadi, akakamua, akagawa maziwa kwa wateja, jioni akarudia. Hivyo miaka ikapita. Wacera alizeeka, magoti yakamkataa, na zizi likawa la Walubengo kwa kila kitu isipokuwa jina.

Kagiri, mwanawe Wacera, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale stejini. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kumwonyesha mamake mchoro wa ghorofa kwenye simu. "Mathe, hii samadi inakaa mahali pa nyumba ishirini," alikuwa akisema. Jumapili moja Wacera alimjibu mbele ya Walubengo.

"Malaika ana mimba. Akizaa ndama wa kike, huyo ni wa Baba Timo. Nimesema, na wewe umesikia."

Kagiri alicheka akidhani ni maneno ya mzee. Walubengo hakucheka. Alirudi Kianda siku hiyo akamwambia Mourine, na Mourine akamuuliza, "Utamfugia wapi? Chini ya kitanda?" Wakacheka wote wawili. Lakini Mourine aliniambia baadaye kwamba mumewe hakulala usingizi wa kawaida. Kila mara alikuwa akigeuka na kusema tena, "Wa kike, Mama Timo. Mungu ampe wa kike."

Mvua ya masika mwaka huo ilikuwa mbaya. Maji machafu ya ploti yalipita zizini, na ng'ombe walilala kwenye tope kila Walubengo alipogeuza mgongo. Asubuhi moja alianza kumkamua Chebet kama kawaida, mchirizi wa kwanza kwenye kifuniko cheusi ili aone rangi yake. Maziwa yalitoka na vipande vyeupe, kama uji ulioshikana. Alipogusa kiwele upande wa nyuma, kilikuwa moto na kigumu, na Chebet akamrushia teke la kwanza baada ya miaka mingi.

Ugonjwa wa kiwele haukuwa mgeni pale. Ulikuja kila masika. Walubengo aliingia nyumbani kwa Wacera, na Wacera akanyoosha mkono dirishani, mahali alipoweka miwani na chumvi. Hapo palikuwa na tyubu za dawa, zile ndogo zenye ncha, za kusukumwa ndani ya chuchu. Nyingine zilikuwa mpya, nyingine zimetumika nusu. Desturi yao ilikuwa moja. Ng'ombe akiugua, anapewa tyubu. Uvimbe ukishuka, Wacera husema, "Hiyo ingine weka, itatusaidia siku nyingine." Na ilisaidia kweli, mwaka baada ya mwaka. Ila kila mwaka ilichukua muda zaidi, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Mwaka huo haikusaidia. Walubengo alisukuma dawa, uvimbe ukabaki. Akatumwa kwa duka la dawa za mifugo pale Kawangware. Msichana wa duka, Jackie, alimpa ya rangi nyingine. "Hii ni kali kuliko ile," alisema. Haikufanya kitu. Akarudi, akapewa ya sindano. Chebet alikaa siku mbili akionekana ana nafuu, akala vizuri, kisha kiwele kikavimba upya.

Maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa humwagwa. Walubengo alijua. Wacera alijua. Lakini Chebet alikuwa na chuchu tatu nyingine ambazo maziwa yake yalionekana safi, na wateja walikuwa mlangoni na sufuria zao. Yalichanganywa na ya wenzake.

Wa kwanza kugundua alikuwa Trizah, mama wa Kianda aliyegandisha maziwa kuwa mala na kuyauza karibu na steji ya Olympic. Walubengo alimpelekea mtungi kila jioni akirudi nyumbani. Siku hiyo Trizah alimngoja barabarani, mikono kiunoni.

"Walubengo, maziwa yenu iko na nini?"

"Kwa nini?"

"Nimeweka tangu juzi. Kunuka imenuka, lakini kuganda imekataa. Hebu onja."

Walubengo hakuonja. Alijua vizuri. Dawa iliyokusudiwa kuua wadudu wa ugonjwa ilikuwa imewaua wale wanaogandisha maziwa. Wale wa ugonjwa tu ndio walikuwa wamekataa kufa. Kesho yake alimweleza Wacera. Mama yule alisugua goti lake.

"Usimpelekee wa mala tena," alisema mwishowe. "Peleka kwa hoteli. Wao wanachemsha."

Akapeleka.

Wakati huohuo, akikata majani ya ng'ombe kwa panga, alijikata kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Hakikuwa kidonda kikubwa. Alikifunga kwa kitambaa alichorarua kwenye leso ya Mourine, akaendelea kukamua. Angefanyaje? Ng'ombe hawana likizo. Kila jioni kitambaa kililoa maziwa na jasho, na kila asubuhi kidole kilikuwa kimenenepa kidogo.

"Baba Timo, nenda hospitali," Mourine alimwambia.

"Ni kidole tu."

Alinunua vidonge vya rangi mbili kwa kemisti ya hapo Kianda, vya kuhesabu mkononi, bila pakiti. Maumivu yalipopungua aliviacha. Yaliporudi alinunua vingine. Nilimwona siku moja akinywa chai nje ya mlango, kikombe amekishika kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza. Akasema amechoka tu.

Kabla ya Agosti kuisha, Malaika naye alitoa maziwa yenye vipande. Halafu Nyakairu. Walubengo aliacha kuzungumza na ng'ombe wakati wa kukamua. Alikuwa akiwakanda viwele kwa maji moto, huku anasikia wakitetemeka chini ya kiganja. Malaika alikuwa karibu kuachishwa kukamuliwa ili apumzike kabla ya kuzaa, na mtu huyu alikuwa akimtazama tumbo kila siku kama anayesoma kitu kilichoandikwa pale.

Kagiri ndiye aliyeleta daktari wa mifugo. Alitaka mtu msomi amwambie mamake kwamba ng'ombe wamekwisha. Daktari aliitwa Mutunga, Mkamba mpole mwenye gambuti lililotoboka. Alichukua maziwa ya kila ng'ombe kwenye chupa ndogo, akaenda nayo maabara. Baada ya siku kadhaa alirudi, akaomba wakae. Walikaa kwenye madebe nje ya zizi, Wacera, Kagiri na Walubengo.

"Mama, nimeangaliziwa hizi maziwa," alianza. "Hawa wadudu wamepimwa na dawa zote tunazotumia kwa ng'ombe. Hakuna hata moja inawaweza. Wamezizoea."

"Si kuna dawa ingine kali?" Wacera aliuliza.

"Iko. Ni ya watu, ya hospitali kubwa, ya mtu akiwa karibu kufa. Hiyo siwezi kumpa ng'ombe. Nikimpa, hawa wadudu wataizoea pia, na hapo mtu akiugua hatutakuwa na kitu."

"Kwa hivyo?"

"Hawa hawaponi, mama. Wasikamuliwe tena. Maziwa yao isiuzwe, hata kidogo. Dawa ikishaisha mwilini, wauzwe wachinjwe."

Wapangaji walikuwa wakifua nguo upande wa pili wa ukuta, redio ikiimba. Mutunga akauliza jinsi wanavyokamua, na Walubengo akamweleza. Ndoo moja ya maji. Kitambaa kimoja cha kupangusa viwele, kutoka kwa Chebet hadi Malaika hadi Nyakairu. Jeli ya kukamulia, kopo moja kwa wote.

"Huu ugonjwa hauruki kama nzi," Mutunga alisema. "Unabebwa. Kitambaa na mikono." Macho yake yakashuka hadi kwenye kidole kilichofungwa. "Hiyo imekuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu masika."

"Fungua nione."

Walubengo alifungua. Wacera aligeuza uso. Kidole kilikuwa kimekuwa cheusi karibu na ukucha, na wekundu ulikuwa umepanda hadi nyuma ya kiganja.

"Mzee, nenda hospitali leo. Si kesho. Na usiguse hao ng'ombe tena."

Walubengo hakuinuka. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, nataka unijibu. Ni ng'ombe wamenipa hii, ama ni mimi nimewapa?"

Mutunga alifikiri. Angeweza kudanganya, lakini hakudanganya. "Siwezi kujua. Inaweza kutoka kwa ng'ombe ikaingia kwa kidonda. Inaweza pia kutoka kwa mtu ikaenda kwa ng'ombe. Kuna watu wanaibeba kwa pua, kwa ngozi, na hawaugui."

Kagiri alisimama. "Kumbe ni wewe! Mathe, umesikia? Huyu mtu wako ndiye ameua ng'ombe wote."

"Sijasema hivyo," Mutunga alisema.

"Umesema mikono. Mikono ya nani ingine inaingia hapa?"

Walubengo alikuwa akijifunga kitambaa chake polepole, kwa meno na mkono wa kushoto. Mourine aliniambia kwamba katika yote yaliyompata, lile swali la Kagiri ndilo lililobaki ndani yake, kwa sababu lilikuwa la kweli. Hakuna mikono mingine iliyokuwa ikiingia pale. Ile mikono ambayo ng'ombe waliipenda ndiyo iliyowapitia mmoja mmoja, asubuhi na jioni, kwa upole wote ule.

Hospitali walimlaza siku hiyohiyo. Homa ilikuwa imeanza. Kidole kilikatwa, ikadhaniwa yamekwisha, lakini wekundu uliendelea kupanda. Wakakata cha kati. Daktari mmoja kijana, Joan, alimweleza Mourine kwenye korido kwamba usaha umepimwa, na dawa wanazompa mtu kila siku hazifui dafu. "Hawa wadudu hawasikii," alisema. "Tunajaribu ya mwisho. Hapa imeisha, itabidi mtafute nje." Mourine aliitafuta kwa njia anazozijua yeye. Alizunguka akichangisha pesa kwa wenye nyumba anaowafulia, kanisani, kwetu majirani. Ilipatikana. Ikapitishwa mshipani mwa Walubengo tone kwa tone, na kwa siku nyingi hakujua alipo. Alimwita babake. Aliwaita ng'ombe kwa majina, siyo hawa wa Congo, bali wale wa utotoni.

Alipopata fahamu alimwomba Daktari Joan ampigie Mutunga. Walizungumza. Wadudu walikuwa wa aina moja, wenye ukaidi uleule kwa dawa zilezile. Kujua nani alimwambukiza nani kungetaka vipimo vingine, na vipimo vile hakuna ambaye angevifanya kwa sababu ya mkamuaji mmoja na ng'ombe watatu.

Wacera alikuja wodini akiegemea fimbo, na chupa ya chai kwapani. Alikaa pembeni mwa kitanda, akamimina.

"Ni maziwa gani?" Walubengo aliuliza.

"Ya paketi."

Walikunywa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa, mkubwa kama mkate.

"Kagiri ameuza Chebet na Nyakairu," Wacera alisema. "Alikuja na broka wa mifugo wakati nilikuwa kwa kikundi cha wamama. Nimepata zizi limebaki na Malaika peke yake, maana broka hakutaka mwenye mimba. Analia."

"Daktari alisema mngoje dawa iishe mwilini."

"Sijui kama walingoja. Lori lilikuja, wakaenda." Akamwongezea chai. "Na hiyo maneno alikuambia, kwamba ni wewe. Mimi ndiye nilikuwa nanunua dawa. Mimi ndiye nilikuwa nasema weka ingine dirishani. Wewe ungesema nini, na ng'ombe ni wangu?"

"Ningesema kitu, mama. Nilijua."

"Ungesema, ningekusikia?"

Mama yule aliifunga chupa, akamwekea blanketi vizuri mabegani, akaenda. Nyama ya wale ng'ombe ililiwa na nani, hakuna ajuaye. Huenda hata sisi tulikula.

Malaika alizaa mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikinyesha. Walubengo alikuwa ametoka hospitali na alikuwa chumbani Kianda, akijifunza kufunga kamba za viatu kwa vidole vitatu. Simu ililia asubuhi. Ilikuwa Wacera.

"Baba Timo, ni wa kike."

Alitoka bila kunywa chai. Mourine alimfuata na mwavuli, akamkuta karibu na Jamhuri, wakaenda pamoja. Ndama alikuwa amesimama tayari, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji, akitafuta chuchu. Mutunga alikuwa pale kabla yao, amemzuia kwa mguu asifike kwa mamake. Ugonjwa wa kiwele cha Malaika ulikuwa umelipuka usiku wa kuzaa. Upande mmoja ulikuwa wa buluu na baridi kama jiwe, na kilichotoka si maziwa bali maji yenye damu.

"Asinyonye hapa," Mutunga alisema. "Nimepata dang'a kwa jirani. Ndama lazima apate haya maziwa ya kwanza leo, ama atakufa. Nani atamnywesha?"

Wote walimgeukia Walubengo. Ndama asiyejua kunywa kwenye ndoo hufundishwa kwa vidole. Unaviloweka katika maziwa, unampa avinyonye, unamshusha pole pole hadi mdomo ufike. Kazi hiyo alikuwa ameifanya mara nyingi.

Lakini alirudi nyuma. Akaweka mikono yote miwili mifukoni mwa koti.

"Daktari," alisema, "mimi bado ninao hao wadudu?"

"Sijui. Kidonda kimepona. Ila wanaweza kukaa kwa ngozi bila kuonekana."

"Basi si mimi."

"Walubengo, ni wako," Wacera alisema. "Nilikuambia ni wako."

"Ndiyo maana."

Mourine ndiye aliyenawa. Alinawa kwa sabuni kama Mutunga alivyomwonyesha, akapiga magoti kwenye majani, mwanamke ambaye hakuwahi kugusa ng'ombe maishani. Mumewe alisimama nje ya zizi kwenye mvua, akimwelekeza. Vidole viwili. Usimsukume kichwa. Ngoja, ngoja, atavuta mwenyewe. Ndama alipovuta, Mourine alishtuka, akasema, "Woi, ana ulimi kama msasa." Walubengo alicheka, kisha akageuka akatazama ukuta.

Malaika alikufa kesho yake. Kwa huyo hakuna broka aliyeitwa. Mutunga alisisitiza azikwe, na Kagiri, kwa mara ya kwanza, hakubishana. Alileta vijana wa mjengo kutoka dukani kwake wakachimba shimo palepale zizini. Wacera alitazama kupitia dirishani. Hakutoka.

Ndama hakuweza kubaki Congo, mahali ambapo udongo wenyewe ulikuwa umelowa ugonjwa, wala Kianda hapakuwa na pa kumweka. Wacera alimpeleka Limuru kwa mpwa wake, Wangoi, aliyekuwa na shamba dogo na ng'ombe wawili wenye afya. Walikubaliana kwamba ndama ni wa Walubengo, na atakaa huko hadi mwenyewe aseme vingine. Muda si mrefu zizi la Congo lilibomolewa. Ghorofa ya Kagiri ilianza kupanda, na Wacera akahamishiwa chumba cha mbele, ambako huwaambia wageni kwamba bado anasikia ng'ombe akilia mahali wanapochanganyia saruji. Wageni humwitikia tu.

Walubengo alipata kazi kwa Magdaline, mwenye kituo cha kuuzia maji hapa Kianda. Anakaa kwenye kiti, anafungua mfereji, mtungi unajaa, anafunga. Vidole vitatu vinatosha kwa hilo. Watoto humwita "Mzee Maji". Hanywi maziwa. Chai yake ni ya rangi, na akitembelea mtu husema mapema ili asimfedheheshe. Ukimpa mkono wako anakusalimu kwa ngumi, kama vijana, na wengi hudhani anaiga mambo ya mtaa.

Nilimuuliza Mourine kama wamewahi kwenda Limuru. Akasema mara moja, baada ya kumbembeleza mumewe sana. Walikuta ndama amekua, mgongo umenyooka, ngozi inang'aa. Wangoi aliwafungulia lango.

"Karibu ndani, mzee. Ng'ombe ni yako."

"Nimekaribia. Hapa panatosha," Walubengo alijibu, nje ya uzio.

Wangoi alisema hawajampa jina, walikuwa wanamngoja. Walubengo akafikiri, akamwita Nafula, jina ambalo kwao hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Kisha akamwomba Mourine aingie.

"Mshike mgongo kwanza, ajue uko. Sasa inama, angalia nyuma kule chini. Chuchu ni ngapi?"

Mourine aliinama, leso kichwani, gambuti la kuazima miguuni. "Nne."

"Ziko sawa?"

"Moja ni ndogo kidogo."

"Hiyo itakua. Gusa. Ni baridi ama ni moto?"

"Ni ya kawaida, Baba Timo. Ni kama ngozi ya mtu."

Walubengo alibaki akitazama muda mrefu, mikono mifukoni. Wangoi, kwa nia njema tu, akamuuliza kama atakuja kumkamua siku akizaa.

"Mtatafuta mtu," alisema. "Na mumwambie anawe kabla ya kila ng'ombe. Kila ng'ombe na kitambaa chake. Mgonjwa awe wa mwisho. Na dawa ikianza, iishe."

Wangoi aliitikia ndiyo, ndiyo, kama watu wanavyoitikia mawaidha ya mzee. Walubengo akayarudia yote tangu mwanzo, neno kwa neno, hadi mama yule alipoacha kutabasamu na kuanza kusikiliza.